Maisha ya Mtwa Mkwawa katika Somo la Wakati Uliopita wa Kiingereza

Wanachuo wengi waendapo kwenye mazoezi ya kufundisha huanza somo la wakati uliopita wa Kiingereza kwa orodha. Huandika ubaoni 'go', 'went', 'gone', kisha 'see', 'saw', 'seen', na darasa zima huitikia kwa sauti moja mpaka kengele ilie. Kesho yake mtoto yule yule aliyeitikia vizuri huandika katika daftari lake kwamba jana 'I go to the river'. Tumeyaona hayo katika madarasa ya Iringa na ya Mbeya, na sisi wenyewe tulipoanza kazi tuliyafanya. Kosa si la mtoto. Orodha imempa umbo la neno bila kumpa tukio lolote la kulitia humo.

Twapendelea njia nyingine: kuchukua maisha ya mtu mmoja ambaye watoto wamekwisha kumsikia nyumbani, kuyasimulia kwanza kwa Kiswahili, na kusimama pale tu ambapo Kiingereza kinadai jambo ambalo lugha yetu haidai. Kwa Nyanda za Juu Kusini hatujapata maisha yafaayo kuliko ya Mtwa Mkwawa wa Uhehe. Mtoto wa Kalenga anayajua kutoka kwa babu yake. Mtoto wa Mbarali huenda anayajua pia, lakini kwa upande wa pili wa vita. Jambo hilo tutalirudia, maana lina uzito katika sarufi.

Mkwawa alizaliwa yapata mwaka 1855 huko Luhota, karibu na mahali ulipo mji wa Iringa. Jina lake lilikuwa Mkwavinyika, na baba yake alikuwa Munyigumba wa ukoo wa Muyinga, aliyeziunganisha tawala nyingi ndogo zikawa nchi moja yenye jeshi. Hapa, katika sentensi ya kwanza kabisa, mwalimu atakutana na kosa. Watoto watasema 'he born'. Sababu yake i wazi. Kiswahili huweka hali ya kutendwa ndani ya kitenzi chenyewe kwa herufi moja, na neno moja, alizaliwa, linatosha. Kiingereza hakina herufi hiyo, hivyo huazima neno la pili, nalo ndilo libebalo wakati: 'was born'. Tena tunasikia kila siku watu wakisema nimezaliwa mwaka fulani, na kwa Kiswahili cha mazungumzo hakuna anayewakemea. Lakini mtoto akiihamisha -me- hiyo atasema 'has been born in 1855', na hilo Kiingereza hakilikubali. Mwaka ukitajwa, hali timilifu ya wakati uliopo huondoka. Kanuni hiyo yafaa ifundishwe tangu siku ya kwanza, kwa kuwa maisha ya mtu yamejaa miaka.

Munyigumba alifariki yapata mwaka 1879. Kifo chake kilileta ugomvi wa urithi. Mwambambe, mkwe wa marehemu, alijitwalia madaraka, na Mkwawa akakimbilia Ugogo. Akakaa huko, akakusanya watu, akarudi, akapigana na Mwambambe, akamshinda, akaitwaa nchi. Mwanachuo na aisome tena sentensi hiyo ya mwisho, ahesabu. Kiambishi -li- kilitajwa mara moja tu, kwa Mwambambe. Baada ya hapo vitenzi vyote vimeegemea -ka-, na msikilizaji anajua kuwa tungali katika wakati ule ule uliopita. Ni chombo kizuri cha masimulizi, na Kiingereza hakina chombo kama hicho. Kwa Kiingereza kila kitenzi hubeba mzigo wake: 'fled', 'stayed', 'gathered', 'came back', 'fought', 'defeated', 'took'. Hiyo ndiyo sababu, kwa maoni yetu, watoto wetu huweka wakati uliopita katika kitenzi cha kwanza kisha wakaviacha vinavyofuata vitupu: 'he fled and go and stay'. Hawakusahau somo. Wanaitafuta -ka- mahali isipokuwapo. Mwalimu anayelijua hilo hatawapigia kelele. Atachora ubaoni mstari wa wapagazi, na kila mpagazi na mzigo wake kichwani.

Yafaa pia kutazama vitenzi hivyo ni vya namna gani. Vya kukimbia, kuja, kupigana, kutwaa, kujenga, kuanguka, kujificha, kupiga risasi na kuleta, vyote kwa Kiingereza havifuati kanuni ya '-ed'. Havikuwekwa ili kuwatesa watoto. Vitenzi vitumiwavyo mara nyingi ndivyo vinavyohifadhi maumbo ya kale, kwa sababu vinywa vya watu havikupata nafasi ya kuyasahau. Masimulizi ya mtawala na vita yake yana vitenzi hivyo kwa wingi, na mtoto aliyejifunza habari za Mkwawa kwa Kiingereza atakuwa amejifunza sehemu kubwa ya orodha ile ya ubaoni bila kuiimba.

Basi Mkwawa akawa Mtwa. Aliendeleza kazi ya baba yake, akapigana na Wangoni wa kusini mpaka pande mbili zikafikia kusitisha mapigano mwanzoni mwa miaka ya 1880, akayatia mkononi mwake mapito ya misafara ya biashara. Huko Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo, alijenga ngome ya mawe iliyoitwa Lipuli. Kazi ilianza yapata mwaka 1887 ikachukua miaka kadhaa. Vijana wa Iringa wanalijua jina hilo kwa sababu ya timu ya mpira, na hakuna ubaya mwalimu akianzia hapo.

Ndipo lije suala la Wasangu. Kabla Mjerumani yeyote hajatia mguu katika nyanda hizi, Wahehe walikuwa wamekwisha kuwafukuza Wasangu wa Mtwa Merere kutoka nchi yao ya Usangu, ambayo leo ni sehemu ya wilaya ya Mbarali. Merere na watu wake walihamia magharibi, wakajenga Utengule nyingine huko Usongwe, karibu na ulipo mji wa Mbeya. Baadaye Wajerumani walipowapiga vita Wahehe, Wasangu walikuwa upande wa Wajerumani. Mwalimu akiyaeleza matukio haya mawili kwa wakati uliopita wa kawaida tu, kila moja katika sentensi yake, mtoto wa Mbarali atatoka darasani akiwa mjukuu wa wasaliti: Merere aliwasaidia Wajerumani; Wahehe waliwafukuza Wasangu. Lipi lilitangulia? Sentensi hazisemi, na mtoto atadhani kuwa lililoandikwa kwanza ndilo lililotokea kwanza. Kiingereza kina dawa ya jambo hili, nayo ni 'had'. Merere 'helped' the Germans. The Hehe 'had driven' his people out of Usangu. Neno dogo hilo linarudisha tukio la pili nyuma ya la kwanza, na sababu inaonekana. Kiswahili hufanya vivyo hivyo kwa walikuwa wamewafukuza, hivyo si jambo geni. Ugeni ni kwamba sisi twaweza kuacha kulitumia umbo hilo tukaegemea maneno kama kabla na baadaye, na watoto wetu wamezoea kuacha.

Jambo moja zaidi kuhusu lugha za nyumbani. Lugha nyingi za Kibantu hazina wakati uliopita mmoja, bali zinautenga wa leo na ule wa jana au wa zamani kwa viambishi tofauti. Mwalimu aliyepangiwa shule ya kijijini asiyaone hayo kuwa kizuizi. Mtoto aliyezoea kupima umbali wa tukio ataelewa upesi kwamba Kiingereza hakipimi umbali kwa kitenzi: asubuhi ya leo na mwaka 1855 hupata umbo lile lile. Kinachopimwa na 'had' ni utangulizi wa tukio moja mbele ya lingine. Hata jambo la dakika mbili zilizopita laweza kudai 'had', na jambo la karne iliyopita laweza kukaa bila hiyo.

Tuingie Lugalo. Katikati ya mwaka 1891 kamanda wa jeshi la Wajerumani, Emil von Zelewski, alitoka pwani na askari zaidi ya 300 na wapagazi wengi, akachoma vijiji njiani. Tarehe 17 Agosti safu yake ndefu ilikuwa ikipita mahali penye vichaka na mawe, mashariki ya Iringa. Wahehe walikuwa wamejificha kando ya njia. Hakukuwa na wapelelezi waliotangulizwa, na bunduki nyingi za askari zilikuwa hazijatiwa risasi. Risasi ya ishara ilipolia, wapiganaji wa Mkwawa waliinuka na mikuki yao, na katika muda mfupi mno Zelewski na sehemu kubwa ya kikosi chake walikuwa wamekufa: Wazungu 10, askari wapatao 250, na wapagazi wengi. Wahehe walitwaa bunduki zipatazo 300 na mizinga 3. Nao walipoteza watu wengi, jambo ambalo masimulizi ya ushindi huelekea kulisahau.

Hatujui kipande cha historia yetu kilicho bora kuliko hiki kwa kufundisha nyakati tatu kwa mara moja. Mwalimu achore njia ubaoni. Juu ya njia aandike kilichokuwa kikiendelea: 'were marching'. Nyuma yake, kilichokwisha kufanyika: 'had hidden'. Kisha apige kofi moja, na kofi hilo ndilo tukio lenyewe: 'attacked'. Watoto waigize. Wengine watembee wakizunguka darasa, wengine wawe wamekwisha kujificha nyuma ya madawati kabla wenzao hawajaanza kutembea. Asiyejificha mapema hana haki ya kusema 'had hidden', na wenzake watamkatalia kwa furaha. Kelele zitakuwapo. Mwalimu mkuu na aarifiwe mapema.

Kwa darasa la juu zaidi, Lugalo inafungua mlango wa sentensi za sharti. Kama Zelewski angalituma wapelelezi, safu yake isingalinaswa. Kiswahili kina -ngali- ya kuonyesha kwamba jambo halikuwa. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo, bali hulichukua umbo lile lile la 'had' na kulitumia kwa kazi ya pili: 'if he had sent scouts'. Hapa 'had' haisemi kwamba alituma kabla ya jambo lingine, yasema kwamba hakutuma kabisa. Wanachuo wengi huchanganyikiwa mahali hapa, na tunashauri jambo hili lisifundishwe katika wiki moja na lile la Merere.

Wajerumani walichukua miaka mitatu kujiandaa. Tarehe 30 Oktoba 1894 Gavana Friedrich von Schele aliishambulia Kalenga kwa mizinga, na ngome ikaanguka. Mkwawa hakukamatwa. Alitoka na watu wake akaanza vita ya msituni iliyodumu karibu miaka minne.

Hapo tupate maneno machache juu ya kukana, kwa kuwa hadithi yote ya miaka hiyo minne ni ya kukana: Mkwawa hakujisalimisha, watu hawakumtaja, askari hawakumpata. Kosa liitwalo 'did not went' limewachosha walimu wote wa nchi hii. Lakini tazameni neno letu hakwenda, au hakujua. Alama ya wakati uliopita imekaa katika -ku-, na mzizi umebaki mtupu.  Kiingereza kinafanya vile vile: 'did' imekwisha kuuchukua wakati uliopita, hivyo kitenzi halisi hakihitaji kuuchukua tena. Tumewahi kulieleza somo hili kwa njia hiyo na kwa njia ya kanuni tupu, na njia ya kwanza ndiyo iliyobaki vichwani.

Mwaka 1896 Kapteni Tom Prince alianzisha kituo cha Wajerumani cha Iringa. 'Founded', na mwalimu awe macho, maana umbo la sasa la kitenzi hicho ni 'found', ambalo watoto wamelizoea kama wakati uliopita wa 'find'. Prince 'founded' kituo, askari hawaku-'find' Mkwawa. Mwishoni mwa mwaka huo Wajerumani walimtawaza Mpangile, ndugu yake Mkwawa, wakitumaini kuwagawa watu. Mwezi Februari 1897 wakamnyonga, kwa kumshuku kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri. Kitenzi ni 'hanged'. Picha ya ukutani 'hung', mtu aliyenyongwa 'was hanged'. Kiingereza kimemtengea mtu aliyenyongwa umbo lake mwenyewe, na si vizuri kumfundisha mtoto wa Uhehe kumwandika Mpangile kama nguo kwenye kamba. Katika miezi hiyo Wasangu nao walirudishwa Usangu chini ya Merere mwingine, mrithi wa yule wa kwanza.

Wajerumani waliahidi zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayempata Mkwawa. Mashamba yalichomwa ili asipate chakula. Watu waliomfuata wakapungua, wengine kwa kufa, wengine kwa njaa na uchovu, mpaka akabaki na wachache mno. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, magharibi ya Iringa, kikosi cha Sajini Merkl kilifuata nyayo zake.

Sasa tumefika mahali ambapo, kama mwalimu hatafundisha chochote kingine, afundishe hapa. Merkl aliwaona watu wawili wamelala chini. Akampiga mmoja risasi. Alipowakaribia alikuta wote wawili ni maiti. Mkwawa alikuwa amejipiga risasi mwenyewe, na kijana aliyekuwa naye alikuwa amekufa pia. Andikeni sasa ubaoni sentensi mbili za Kiingereza:

When Merkl fired, Mkwawa died.

When Merkl fired, Mkwawa had died.

Maneno ni yale yale, isipokuwa moja. Katika sentensi ya kwanza sajini wa Kijerumani amemwua Mtwa wa Wahehe na anastahili rupia zake. Katika ya pili amepiga risasi mwili usio na uhai, na Mkwawa amekwisha kwenda zake kwa mkono wake mwenyewe, hajakamatwa na mtu. Yote ambayo Wahehe wameyashika juu ya mwisho wa mtawala wao yamo ndani ya 'had' hiyo. Tuliwahi kumwona mwanachuo katika zoezi la kufundisha akiisahihisha sentensi ya pili kwa kalamu nyekundu, akiandika juu yake ile ya kwanza, kwa kuwa aliambiwa kwamba sentensi fupi ni nzuri kwa watoto. Mtoto alilichukua daftari lake akalitazama, akanyamaza. Hatukuingilia kati mbele ya darasa, na mpaka leo hatuna hakika kama tulifanya vyema. Baada ya kipindi tulikaa na mwanachuo yule chini ya mti, na kabla ya saa sita alikuwa amerudi darasani kuifuta alama yake.

Kichwa cha Mkwawa kilikatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Mwili ulizikwa Mlambalasi. Miaka 21 baadaye, baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliiagiza Ujerumani kulikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Miezi sita ilipita. Mwaka 1953 fuvu lilikuwa bado halijarudi: 'had not yet been returned', maneno matano kwa kazi ambayo sisi twaifanya kwa matatu. Mwaka huo Gavana Edward Twining alikwenda katika jumba la makumbusho la Bremen, ambako mafuvu yapatayo elfu mbili yalikuwa yamehifadhiwa, mengine yakiwa yametoka Afrika ya Mashariki. Fuvu moja likachaguliwa kwa vipimo vilivyokaribiana na vya jamaa wa Mkwawa. Njia hiyo ya kuchagua imeacha shaka kwa baadhi ya watu, na mwalimu asiogope kuitaja shaka hiyo. Mwaka 1954 fuvu lililetwa Uhehe na kukabidhiwa kwa Mtwa Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi.

Kwa zoezi la mwisho huwapa watoto kitenzi kimoja kigumu, 'lie', ambacho wakati wake uliopita ni 'lay', na 'lay' nayo ni kitenzi kingine chenye wakati wake uliopita, 'laid'. Askari waliwakuta watu wawili ambao 'lay' chini. Wazee waliliweka fuvu mahali pake, 'laid'. Wakisha kuvitenganisha hivyo viwili, waandike sentensi ya mwisho juu ya mahali ulipo mwili na mahali lilipo fuvu. Mwili uko Mlambalasi, fuvu liko Kalenga, katika jumba la makumbusho, na mwalimu atawangoja watambue wenyewe kwamba kwa sentensi hiyo hawahitaji wakati uliopita.